Jeshi la Sayari Yako Linakula Nini?

Tangu mwaka huu uanze nimesoma miswada sita ya riwaya za kisayansi. Mitano imeandikwa na vijana wenzangu wa hapa Sumbawanga mjini, mmoja umekuja na basi kutoka Laela ndani ya bahasha ya kaki. Yote sita ina jeshi la angani. Katika yote sita majenerali ni tele, bunduki za miale zipo, na manowari elfu kumi zinachomoka nyuma ya mwezi kama kumbikumbi baada ya mvua. Lakini katika kurasa zote hizo, jamani, hakuna mtu hata mmoja aliyepika. Hakuna aliyeosha sufuria. Hakuna aliyeuliza mshahara unatoka lini.

Sisemi haya kwa kubeza. Mimi mwenyewe sijatoa kitabu, kidato cha nne nilimalizia hapahapa mkoani, na daftari langu la riwaya lina jeshi vilevile. Nasema kwa sababu naona tunaweza halafu tunajinyima. Tumekaa juu ya uwanda wa Ufipa, ambao majeshi ya kweli yamepita, yamekaa, yamegawanyika, na moja likasalimu amri jirani tu hapo ng'ambo ya mpaka. Halafu tukitaka jeshi tunakwenda kuliazima kwenye kibanda cha video!

Jeshi la kwenye video lina haki ya kuwa lilivyo. Star Wars ni filamu ya saa mbili, jicho linataka mng'aro, na anayetazama hapewi nafasi ya kuuliza yale makombati meupe yanafuliwa na nani. Riwaya haina mng'aro. Riwaya ina muda. Msomaji anakaa na askari wako siku tatu, nne, usiku anamsoma kwa tochi umeme ukikatika, na siku ya pili lazima aanze kujiuliza: huyu bwana analala wapi? Ukishindwa kumjibu, anafunga kitabu. Hakuambii. Anafunga tu.

Tena Kiswahili kimeshafika angani zamani. Katama Mkangi wa Kenya, ambaye serikali ya nchi yake ilimweka kizuizini miaka ya 1980, alitoa *Walenisi* mwaka 1995. Humo Dzombo anatiwa ndani ya chombo ili akafie huko juu, kumbe anatua kwenye sayari ambako watu wamekwisha kutengeneza maisha yao. Soma jina la sayari polepole uone linasema nini. Mkangi hakuhitaji jeshi. Alihitaji kioo, nacho kinafanya kazi. Ninachoona kwenye miswada yetu ni kwamba tumechukua chombo chake tukaiacha fikra iliyokirusha. Kwa upande mwingine tumekulia kwenye vitabu vya Elvis Musiba, na Willy Gamba wa *Kufa na Kupona* ametufundisha kumpenda mtu mmoja anayeweza kila kitu. Mpelelezi anaweza kuwa mmoja. Willy Gamba analala hotelini, chakula analetewa na mhudumu. Jeshi halilali hotelini.

Basi tuanze na chakula, maana sisi watu wa Rukwa hesabu ya gunia tunaijua hata usingizini. Mahindi yetu yanajaza maghala ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula na yanakwenda kuliwa mikoa ambayo wenyewe hatujaiona. Chukua askari mmoja, mpe gramu 700 za unga kwa siku. Askari 10,000 watakula kilo 7,000 kila siku ya Mungu, yaani magunia 70 ya kilo mia mia. Lori moja la tani saba, kila siku, bila kukosa. Mmoja wa wale waandishi sita ana askari milioni moja juu ya sayari ya mchanga mtupu. Haya. Hao wanataka magunia 7,000 kwa siku, malori 100 kwa siku, na hapo sijaweka maharage, chumvi wala kuni. Sijaweka maji. Malori yale yana madereva na utingo wao, nao wanakula. Waulizeni wakubwa wenu habari za barabara ya Tunduma kabla haijapata lami, masika, lori limelala kwenye tope na shehena inaota juu yake. Sasa weka barabara ya namna hiyo kati ya nyota na nyota, uone kama jenerali wako bado anapata usingizi.

Hapo ndipo hadithi ilipo. Mtu anaweza kusema mambo ya unga ni ya ghalani, msomaji wa riwaya anataka mapambano. Lakini mapambano yenyewe yanatokana na unga. Jenerali anayejua kwamba chakula kimebaki cha siku tisa anafanya maamuzi ambayo jenerali mwenye shibe hawezi kuyafanya. Ataacha majeruhi. Atapora kijiji cha watu wasio na kosa. Atashambulia siku ambayo hakutaka kushambulia. Mpe njaa, naye atakuandikia sura tatu mwenyewe.

Tuangalie kisa cha kweli. Vita Kuu ya Kwanza, 1914 hadi 1918, ilipiganwa katika nchi yetu hii, na mbung'o waliua farasi, punda na ng'ombe wa mizigo. Barabara hazikuwepo za kutosha. Ikabaki shingo ya mtu. Upande wa Waingereza peke yake waliandikishwa wapagazi ambao wanahistoria wanawakadiria kufikia milioni moja, na waliokufa, kwa wale waliohesabiwa, ni zaidi ya 90,000. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara, malaria na njaa. Kariakoo ya Dar es Salaam imepata jina lake kutokana na kikosi chao.

Sasa tazama hesabu yake, ni chungu lakini ni nzuri kwa mwandishi. Mpagazi anabeba kilo 30 za chakula. Yeye mwenyewe anakula kilo moja kwa siku. Akienda siku kumi na kurudi siku kumi, amekula kilo 20, amefikisha kumi. Akienda siku kumi na tano na kurudi kumi na tano, amekula mzigo wote. Amefika mikono mitupu, amerudi mikono mitupu, na askari aliye mstari wa mbele hajaonja kitu. Kwa hiyo unaongeza wapagazi wa kubeba chakula cha wapagazi. Nao hao wanakula.

Nilipoisoma hesabu hii niliruka kitandani, kwa sababu ndiyo hesabu ya roketi! Roketi inabeba mafuta, na sehemu kubwa ya mafuta hayo kazi yake ni kuinua mafuta mengine. Saturn V iliyowapeleka Wamarekani mwezini mwaka 1969 iliondoka ardhini ikiwa na uzito wa karibu tani 2,900, na kilichoelekea mwezini hakikuzidi tani hamsini. Zilizobaki zote ni mpagazi anayekula mzigo wake. Mwenzangu anayeandika manowari elfu kumi zikiruka kutoka nyota moja hadi nyingine kama kunguru mtini hajui kwamba babu zetu walikwisha kulipia elimu hii kwa miguu. Anaweza kubuni mafuta mapya, mimi sina ugomvi naye, riwaya ni yake. Ila aseme yanachimbwa wapi na nani anayachimba.

Pale Posta mjini Dar es Salaam kuna sanamu ya Askari iliyosimamishwa mwaka 1927. Mtu mmoja, bunduki, singe mbele. Nairobi nako kuna sanamu ya kumbukumbu ya vita hivyohivyo, lakini pale wamesimama watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Mimi naziona sanamu hizi mbili kama riwaya mbili. Miswada yote sita niliyosoma imeandikwa kama ile ya Dar. Sijasema ni mbaya, shaba imesubuliwa vizuri. Lakini nikiangalia ya Nairobi nauliza maswali, na ya Dar naipita nikiwahi daladala. Katika daftari langu, jeshi la nyota ya Mbizi lina merikebu za mizigo, chafu, zenye kutu, na wanamaji wake wanaziita kariakoo. Hakuna anayekumbuka jina limetoka wapi. Ndivyo majina yanavyofanya.

Kuna kosa la pili kwenye miswada, nalo ni wingi. Vijana tunaona aibu kuandika manowari mbili. Tunaandika elfu kumi. Ndugu zangu, twendeni Kasanga, tuteremke ziwani. Ziwa Tanganyika lote, na urefu wake ule, lilitawaliwa na Wajerumani kwa vyombo vinavyohesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Meli kubwa, Graf von Götzen, iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye maelfu ya masanduku, ikaja kwa bahari mpaka Dar es Salaam, ikapanda reli, ikafungwa upya Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Waingereza wakajibu kwa boti mbili ndogo walizozileta kutoka Afrika Kusini kwa treni, kisha wakazivuta nchi kavu kupita milima ya Kongo kwa mashine za mvuke, ng'ombe na watu. Kamanda wao, Spicer-Simson, alitaka kuziita Paka na Mbwa. Wakubwa wake wakakataa. Akaziita Mimi na Toutou, maneno ya watoto wa Kifaransa kwa wanyama walewale. (Kwetu Mswahili akisikia boti inaitwa Mimi anadhani mwenyewe ana majivuno.) Tarehe 26 Desemba 1915 waliiteka meli moja ya Wajerumani, Februari 1916 wakaizamisha nyingine, na ziwa likabadilika mwenyewe. Götzen haikupigana nao. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha kwa mikono yao wenyewe, baada ya kuipaka mashine grisi ili isioze. Ilitolewa majini mwaka 1924, na kuanzia 1927 ikawa Liemba, meli iliyobeba dagaa, mahindi na shangazi zetu kwa miongo mingi.

Vyombo haviijazi hata sahani, lakini ona hofu iliyomo! Kila meli ina jina. Kila meli ikizama msomaji anahisi pengo. Halafu lile tendo la kupaka grisi meli unayoizamisha: huyo ni fundi anayeamini kuna kesho, yuko katikati ya vita iliyomshinda. Mhusika kamili, na hajatamka neno. Kwa manowari elfu kumi, zikizama elfu tatu, nimepoteza nini mimi msomaji? Tarakimu.

Nije kwenye silaha, nako nitakuwa mfupi. Hapa Ufipa yapo masalia ya malungu, yale matanuru ya chuma ya wazee, marefu kuliko mtu, yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto. Chuma kilichotoka humo kilisafishwa tena kwenye tanuru dogo, ndipo kikawa jembe, shoka au mkuki. Angalia basi: jembe na mkuki vilizaliwa na mama mmoja. Mfalme wa Nkansi au wa Lyangalile aliyetaka mikuki zaidi alikuwa anapunguza majembe, na mkaa wote ule ni miti. Bunduki ya miale kwenye muswada imetoka tanuru gani? Imepunguza jembe la nani? Wenzetu wa Dar hututania kwamba watu wa Sumbawanga hatuhitaji roketi, ungo unatosha. Sawa, cheka. Lakini hata ungo umesukwa na mtu.

Sasa watu wenyewe. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo miswada yetu inapougua zaidi. Jeshi la sayari fulani lote ni la kabila moja, linasema lugha moja, limezaliwa tayari limevaa sare. Linganisha na Wangoni. Waliondoka kusini kabisa mwa Afrika wakati wa misukosuko ya enzi za Shaka, wakavuka Zambezi mwaka 1835 wakiongozwa na Zwangendaba, wakaja mpaka huku kwetu. Hawakuwa jeshi lililoacha watu nyumbani. Walikuwa nyumba inayotembea: wanawake, watoto, ng'ombe, mateka. Na kijana aliyetekwa hakubaki mateka siku zote; aliingizwa kwenye kikosi cha rika lake, akapewa ngao na mkuki, akajifunza nidhamu yao. Kwa hiyo jeshi lililofika Ufipa halikuwa tena lile lililoondoka. Wengi ndani yake walikuwa watoto wa vijiji ambavyo jeshi lilelile lilivichoma.

Fikiria kijana huyo, ndugu mwandishi. Amechukuliwa na miaka kumi na miwili. Akifikisha ishirini ni askari hodari, anapenda kikosi chake kuliko kitu chochote, na siku moja wanasogelea kijiji ambacho watu wake wanaimba kwa lugha aliyoimbiwa na mama yake. Mpaka sasa hatujaiandika riwaya hiyo, wala ya ardhini wala ya angani.

Zwangendaba alifia hapa Ufipa, mahali panapoitwa Mapupo, katika miaka ya 1840. Baada ya yeye kufa, jeshi lililoshinda falme lilishindwa na swali dogo: nani arithi? Likagawanyika. Wengine walielekea kaskazini, wengine wakarudi kusini hadi nchi ambazo leo ni Malawi na Zambia, wengine wakaishia upande wa Songea. Katika miswada mitatu kati ya sita, mfalme wa sayari anakufa sura ya mwisho na jeshi lake linapiga saluti kwa binti yake, basi, mwisho. Hakuna meja mmoja aliyekunja uso!

Na askari wa kawaida anaongea nini? Mtaani kwetu kuna mzee mmoja aliyekwenda Kagera. Nilimwendea na kalamu, nikamwamkia, nikamwambia naandika kitabu cha vita.

"Unataka nikwambie nini, mjukuu wangu?"

"Babu, nataka kujua mapigano yalikuwaje."

Akanyamaza. Kisha akaniambia habari za viatu. Viatu vilivyolowa, vikakaukia miguuni, vikalowa tena. Akaniambia habari ya chumvi iliyomwagika na jinsi kombania nzima ilivyonuna siku mbili. Akaniambia jinsi walivyobishana nani abebe sanduku la risasi baada ya mwenzao kufa, na kwamba hakuna aliyetaka kulishika, si kwa uzito wake. Mizinga aliitaja mara moja tu, tena kwa kulalamika kwamba ilimharibia usingizi. Niliondoka na kurasa nne. Katika kurasa hizo nne mna vita zaidi kuliko katika miswada yote sita, na la kwangu daftari nimelitia humo.

Vita ile tunaijua kwa majina makubwa. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, daraja la Kyaka likavunjwa, Mwalimu akatangaza vita, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Lakini tazama utumbo wake. Jeshi lililokuwa na watu wasiofika 40,000 lilivimba ndani ya miezi michache likapita 100,000, kwa kuingiza mgambo, polisi, vijana wa JKT. Malori na mabasi ya raia yalichukuliwa kubeba askari, kutoka kona moja ya nchi hadi nyingine, na wenye nchi wakapanda miguu. Karani, mkulima na mwalimu wa shule wamesimama kwenye foleni moja, wanapokea buti ambazo si saizi yao. Hilo ndilo jeshi la kuaminika! Kwenye miswada yetu kila askari amezaliwa komando. Mimi nataka kuruta mwenye kitambi, afande anayejua kuwa yule kuruta alikuwa mwalimu wake wa hesabu, na mchakamchaka wa alfajiri ambao wimbo wake una matusi kidogo.

Hapo pia pana suala la lugha. Tunaandika "Komanda Zark" na "Luteni Xorgon" wakati Kiswahili cha jeshi kipo, kimekomaa na kina jasho: kuruta, koplo, sajinimeja, luteni usu, kombania, lindo, doria, kwata, kichurachura. Neno "afande" peke yake linabeba hofu, heshima na dhihaka kwa wakati mmoja, inategemea limesemwa na nani na mlango umefungwa au la. Hata ukimpeleka askari huyo kwenye nyota ya mbali, atakuwa na afande. Mwache awe naye.

Nimetaja kwamba jeshi moja lilisalimu amri jirani. Ni la von Lettow-Vorbeck, na mahali penyewe ni Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala, Zambia. Ukitoka hapa, ukapita Matai, ukavuka Kasesya, umefika. Vita vya Ulaya vilikwisha tarehe 11 Novemba 1918. Yeye alikuwa Rhodesia ya Kaskazini, anaendelea, na habari ilimkuta siku tatu baadaye kwenye mto Chambeshi. Alisalimu amri tarehe 25, akiwa na Wazungu 155, askari 1,168, na maelfu ya wapagazi na wanawake waliotembea nao. Siku tatu zile, mtu aliyekufa amekufa katika vita gani? Vita vilikuwa vimekwisha.

Huku duniani ni siku tatu. Mawimbi ya redio yanachukua kati ya dakika tatu na dakika ishirini na mbili kufika sayari ya Mars, kutegemea iko wapi wakati huo. Nyota iliyo karibu zaidi baada ya jua letu, zaidi ya miaka minne. Kwa hiyo amri ya "acheni kupigana" inasafiri miaka minne, na muda wote huo watoto wa watu wanauana kwa uaminifu mkubwa. Kwenye muswada wa Laela jenerali anaongea na rais wake kupitia kioo cha ukutani kama wanagonga chai pamoja, na mmoja yuko nyota nyingine! Mwandishi amejinyima hadithi yake bora kabisa. Joe Haldeman, Mmarekani aliyepigana Vietnam na kujeruhiwa huko, aliishika hapohapo mwaka 1974 katika *The Forever War*: askari wake wanasafiri kwa kasi karibu na ya mwanga, na wakirudi nyumbani wanakuta karne zimepita, hawamjui mtu, lugha imewakimbia. Alichofanya ni kuchukua kilichompata askari wa kweli akakivuta mpaka kikawa kirefu kama anga. Sisi tunacho cha kuvuta.

Mwisho wa vita nao tunauruka. Bendera, vigelegele, wino umekwisha. Tulipomaliza Kagera, Mwalimu alituomba tufunge mkanda miezi kumi na minane. Wazazi wetu watakwambia mkanda ule ulifungwa kwa muda gani hasa, na sabuni ilikuwa bei gani, kama ilikuwepo. Maelfu ya wale waliovimbisha jeshi walirudi vijijini na buti zao. Riwaya ya kisayansi inayoanza siku baada ya ushindi, sayari imeshinda na haina sabuni, ningeinunua kesho.

Na mshahara. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi kambini Colito, wakidai nyongeza ya mshahara na maofisa Waafrika badala ya Waingereza. Serikali changa iliyumba, Waingereza wakaitwa kuzima maasi, jeshi likavunjwa, na Septemba mosi mwaka huohuo likazaliwa JWTZ. Jeshi lolote kwenye riwaya yoyote lina siku ya mshahara, na siku hiyo ina hatari kuliko siku ya vita.

Mwaka uleule wa 1964, von Lettow amekwisha kufa, bunge la Ujerumani Magharibi lilipitisha fedha za kuwalipa askari wake wa Kiafrika waliokuwa bado hai. Inasimuliwa sana kwamba wazee waliojitokeza wengi hawakuwa na cheti chochote, basi mwenye kulipa akawapa ufagio mmoja mmoja na kuwaamrisha kwa Kijerumani kama gwaridani, na kila mmoja akaubeba ufagio kama bunduki, bila kukosea. Wapagazi wa upande wa Waingereza, ambao mishahara yao haikuchukuliwa kwa kuwa walikufa au hawakujulikana walikokwenda, fedha zao zilibaki serikalini.

Kwa hiyo miswada mipya naipokea, kwa mkono au kwa basi. Nitaisoma yote. Ila nitaanzia kwenye ukurasa wenye mpishi, na kama haupo nitautafuta ule wenye ufagio.